Nanga na Pembe ya Pili

Walipoitoa VisiCalc, programu ya majedwali, mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, Dan Bricklin na Bob Frankston walikabiliwa na kibodi yenye vishale viwili tu, cha kulia na cha kushoto, bila cha juu wala cha chini. Nao wakaiondoa taabu hiyo kwa kibonye cha nafasi, ambacho kila kilipobonyezwa kiligeuza mwelekeo, hata vishale vile vile viwili vikapata kupanda na kushuka katika jedwali. Tadbiri hiyo ilikuwa njema, walakini iliyo aula kusifiwa ni ile ya nukta. Mwenye kuandika kanuni ya kujumlisha hakulazimika kuzitaja seli moja baada ya moja, bali alisimama juu ya ile ya kwanza, akapiga nukta, akasogea hadi ya mwisho, na programu ikazitambua zote zilizo baina yake.

Lotus 1-2-3, programu nyingine ya namna hiyo iliyodhihiri mwaka 1983, iliikuza fikra hiyo ikawa kanuni kamili: seli ya kwanza ni nanga isiyoondoka, ya pili ni pembe iliyo huru kwenda itakako, na pembe hizo mbili zikabilianazo zatosha kulibainisha eneo zima la mstatili, liwe la seli nne au la seli elfu arobaini. Hapo ndipo penye asili ya uteuzi tuutumiao hata leo, na asiyeifahamu hubahatisha. Katika Excel, seli uliyoanzia ndiyo nanga, na Shift pamoja na vishale huisogeza pembe ya pili peke yake. Ukizidisha huna haja ya kuanza upya, maana kishale cha kurudi hulipunguza eneo. Fauka ya hayo, Ctrl pamoja na nukta huihamisha seli tendaji kutoka pembe moja hadi nyingine, ukapata kulihakiki eneo refu lisiloenea katika kioo, na uteuzi wenyewe usivurugike.

Ctrl na Shift pamoja na kishale cha chini humvuta mtu kwa wepesi wake, nami naona ndicho chanzo cha jumla nyingi zilizopunguka, kwa kuwa uteuzi huo husimama kabla ya seli tupu ya kwanza, na karani aliyeacha siku moja bila kuandika mapato hujumlisha nusu ya mwezi akiyakinisha kuwa ameumaliza. Tangu toleo la 2007, jedwali la Excel lina safumlalo 1,048,576, wala jicho halifiki mwisho wake. Afadhali kuandika anwani yenyewe, mathalani C2:C900, katika kisanduku cha jina kilicho juu kushoto, kisha kubonyeza Enter.

Kuna na safumlalo zilizofichwa kwa mkono, ambazo ijapokuwa hazionekani zimo ndani ya uteuzi, na ukilinakili eneo zitafuatana nalo hadi katika ripoti ya watu wasiostahili kuziona. Basi kabla ya kunakili, bonyeza Alt pamoja na nuktamkato, zibaki zile zionekanazo tu.