Kasha la Santuri na Penseli ya Mwalimu

Mwalimu wa lugha hujulikana kwa vitabu alivyo navyo. Ni mara chache kuulizwa ana santuri gani. Sisi tuliulizwa. Mwanafunzi wetu mmoja alifika nyumbani kwetu hapa Lubumbashi kurudisha kamusi, akalikuta kasha letu la santuri na kanda limefunguliwa ili lipanguswe vumbi. Akachukua santuri ya Jean-Bosco Mwenda na kusoma kwa sauti maneno mawili yaliyoandikwa kwa penseli juu ya jalada lake: "Kiswahili kibovu." Mwandiko ulikuwa wetu. Kijana hakutudhihaki, aliuliza tu kama hicho ndicho Kiswahili anachosema bibi yake.

Swali lile lilitulazimisha kulisikiliza kasha zima upya, na kazi hiyo ilituchukua jioni nyingi.

Siti binti Saad tulikuwa tumempa nafasi ya juu, wala hatuna sababu ya kumshusha. Mtoto huyu wa wafinyanzi wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia nyimbo zake katika santuri. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliifanya iseme kwa lugha ya watu wa Ng'ambo. Chukua wimbo wa "Kijiti", unaosimulia mauaji ya mwanamke mgeni mjini. Muuaji alitorokea bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Wimbo huo uliwapa wanyonge hukumu ambayo mahakama ya kikoloni haikuwapa. Huo ni ushairi wenye kazi ya kufanya.

Lakini hapo pana jambo ambalo hatukuwahi kulipima. Mwaka uleule wa 1928 ndipo mkutano wa Mombasa ulipoichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930. Siti, basi, hakuimba Kiswahili sanifu kwa kutii kanuni za kamati yoyote. Aliimba maneno ya mji wake, nao wataalamu wakaja kuyachagua maneno ya mji huohuo. Tulimsifu kwa usafi wa lugha, tukadhani tunamsifu kwa usanii.

Mwenda naye aliimba maneno ya miji yake, ila miji hiyo haikuchaguliwa na mtu. Alizaliwa mwaka 1930, na alikuwa bado kijana Hugh Tracey alipomrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Kiswahili cha huko kilikuzwa katika makambi ya wafanyakazi wa migodi ya shaba, ambamo watu waliotoka Kasai, Rwanda, Burundi na nchi ya Wabemba walihitaji lugha moja ya kazini na ya kisimani. Ndiyo maana mwenyeji wa hapa husema "bantu" pale ambapo kitabu kinasema "watu", na "iko na" pale ambapo kitabu kinasema "ana". Mwalimu anayo haki ya kusahihisha hayo katika daftari la mtihani. Tulichokosea ni kuichukua kalamu ya mtihani na kuitumia kumhukumia msanii.

Tulipoiweka penseli chini, tulisikia mengi. Katika "Masanga" kidole gumba na kidole cha shahada vinashika njia mbili, hata mgeni hudhani kwamba magitaa ni mawili. Katika nyimbo anazoimba, sauti yake huingia kati ya njia hizo bila haraka, kama mtu anayepita barazani akisalimia. Mwaka 1969 gitaa hilo lilisikika katika tamasha la Newport, Marekani. Sisi tuliokaa mwendo wa saa chache kutoka Likasi tulikuwa tukihesabu viambishi vyake.

Hata hivyo hatutaki kulipa deni letu kwa kumpamba. Kwa ushairi Mwenda hamfikii Siti. Katika baadhi ya nyimbo zake maneno ni mgeni wa gitaa: yanakuja, yanataja jina la mtu au la mahali, yanaondoka kabla kisa hakijaanza. Hiyo ni kasoro ya kweli, na haihusiani hata kidogo na "bantu".

Kuhusu Mbaraka Mwinshehe hatuna mengi ya kusema, maana kila msomaji wetu anamjua. Tulimtumia sana darasani kwa imla kwa sababu anatamka waziwazi, na tukawasimamisha wanafunzi palepale gitaa lake lilipoanza kusema peke yake. Yaani tulikata sehemu iliyo bora. (Barabara ilitunyang'anya wote wawili: Mbaraka mwaka 1979, Mwenda mwaka 1990.)

Aliyetuaibisha zaidi ni Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu mwaka 1947, akaenda Dar es Salaam mwaka 1978, na hakuacha kuonekana mtoto wa Kongo hadi alipofariki mwaka 2010. Watu wa Dar es Salaam, ambao tungetazamia wawe mahakimu wakali wa lugha, walimwita Dokta, na mahali alipoishi pakaitwa Sinza kwa Remmy. Aliimba juu ya kifo na juu ya umaskini. Mwaka 1990, katika "Mambo kwa soksi", akaimba juu ya kinga ya ukimwi kwa maneno ambayo redio ya taifa haikukubali kuyapiga. Wasikilizaji wake walimhukumu kwa alichowaambia. Sisi tuliozaliwa katika nchi yake ndio tuliokuwa tukisikiliza matamshi.

Muhula ujao tutawapa wanafunzi nyimbo mbili, mmoja wa Siti na mmoja wa Mwenda, wakaeleze ni upi uliosema jambo kwa nguvu zaidi, na kwa njia gani. Anayetaka kuuleta pia wimbo wa bibi yake ataruhusiwa. Kuhusu jalada, tumelipitishia kifutio. Karatasi ni kuukuu na penseli ilikandamizwa. Maneno yale bado yanasomeka ukiligeuza kwenye mwanga.