Hongera, Wakulima na Wafugaji wa Bijombo

Sisi tuliokulia Bijombo, kwenye milima mirefu iliyo juu ya Uvira na Ziwa Tanganyika, tumelelewa kwa jembe na fimbo ya mchungaji. Wavira, Wafuliiru, Wanyindu na Banyamulenge walitegemeana: maharagwe yalibadilishwa kwa maziwa, na samadi ya zizini ikarutubisha mahindi. Alfajiri mama alikaa chini akitikisa kibuyu cha maziwa mpaka siagi ikajitenga. Kisha alijitwika viazi na kushuka milima kwa miguu kwenda sokoni. Vita vimechoma vijiji na kupora ng'ombe, lakini anayepata nafasi ya kurudi hutangulia shambani. Hongera, wazee wetu: mmetulisha na kutusomesha kwa jasho lenu.