Mapenzi Kama Chombo cha Wosia katika Utendi wa Mwana Kupona

Wahakiki aghalabu huusoma Utendi wa Mwana Kupona (1858) kama hati ya utiifu wa mke kwa mumewe. Usomaji huo si batili, ila hauelezi jinsi utiifu unavyorithiwa. Kabla ya kutoa funzo lolote, mama mgonjwa anamwita bintiye, Mwana Hashima, aketi karibu naye na kuleta wino na karatasi. Ukaribu unautangulia wosia.

Mary Ainsworth, aliyechunguza watoto wachanga na mama zao nchini Uganda mnamo 1954 na 1955, alibainisha kuwa mtoto humfanya mama kituo cha usalama: hutoka kwake kuvinjari, humrejea anapoingiwa na hofu. Watafiti waliomfuata walionyesha kwamba namna mzazi anavyousimulia utoto wake huelekea kulandana na namna mwanawe anavyofungamana naye.

Hapo ndipo ulipo utata wa utendi huu. Mkono uliombembeleza binti ndio unaomkabidhi pingu; kuikataa amri ni kama kumkataa mama. Mhakiki anayeyalaani mafunzo bila kuyaona mapenzi yaliyoyabeba ataueleza ubabedume, lakini hataeleza kudumu kwake.