Jibu Lifike na Maana Yake

Majibu ya wingi wa damu yakisomeka 9.5 katika hospitali moja na 95 katika nyingine, huenda ni ya mtu yuleyule, na hali yake haijabadilika hata chembe. Huku wamehesabu gramu kwa desilita, kule gramu kwa lita. Mifumo miwili ya kompyuta ikiunganishwa harakaharaka, namba itapita na kizio chake kitabaki njiani. Kwa hiyo nawaheshimu sana mafundi wanaounganisha mifumo ya afya. Waya na intaneti ndiyo sehemu nyepesi ya kazi yao. Nzito ni kuhakikisha jibu la maabara linafika na maana yake yote.

Mwaka 1994, watafiti wa Taasisi ya Regenstrief huko Indianapolis, Marekani, wakiongozwa na Clem McDonald, walianzisha LOINC, orodha inayokipa kila kipimo msimbo wake. Hemoglobini katika damu, yaani kile kipimo cha wingi wa damu, ni 718-7. Hiyo 7 ya mwisho ina kazi. Anzia kulia kwenye 718: 8 mara 2 ni 16, na 1 na 6 ni 7. Ile 1 iache ilivyo. Kisha 7 mara 2 ni 14, yaani 5. Jumla ni 13. Ili kufika 20, kumi kamili inayofuata, zinahitajika 7. Sasa mtu aliyekesha zamu ya usiku akiandika 781-7, hesabu inakataa papo hapo. Aliyebuni hivi alimkumbuka binadamu mchovu, na hapo ndipo ninapouona ufundi.

Taasisi hiyohiyo ilikuwa na mkono katika OpenMRS, programu huria iliyoanza kubuniwa mwaka 2004, baada ya kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kuanza kutunza rekodi za wagonjwa kwa kompyuta.

Mtihani mkubwa kuliko yote katika kuunganisha rekodi hizo, kwa maoni yangu, ni kumtambua mtu. Kliniki imeandika Omar Said, maabara Omari Saidi, wodi Said Omar. Tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari kwa sababu aliyemsajili aliambiwa mwaka tu. Mtu mmoja akiwa na mafaili mawili, atachomwa sindano tena kwa kipimo kilichokwisha fanyika. Huo ni usumbufu. Lakini watu wawili wakiunganishwa katika faili moja, kundi la damu la mmoja litasomwa kuwa la mwingine, na hapo mtu anaweza kufa. Fundi mwenye utu hauruhusu mfumo wake ukisie mahali kama hapo. Anauelekeza uyaweke mafaili yote mawili kando na kumwita karani, naye amuulize mgonjwa jina la babu yake, kijiji chake, na mara ya mwisho alitibiwa wapi. Foleni itarefuka kidogo. Bado nauona uamuzi huo kuwa sahihi.