Mapenzi ya Mtu na Tafsiri Yake

Yapo maneno ya Kiingereza cha mazungumzo ambayo wanafunzi wetu hapa Uganda huyatia katika Kiswahili yakiwa mazima. Mwingereza asemapo "I'm into music", mwanafunzi huandika, "Mimi nimo ndani ya muziki." Asemapo kuwa ngoma si kikombe chake cha chai, chai hiyo nayo humiminwa katika insha. Sarufi ni sahihi, lakini Mswahili asomaye hataelewa.

Tusiwalaumu upesi. Misemo ya namna hii ni picha, na kila lugha huchora zake. Neno "hobby" lenyewe lilianza kwa farasi mdogo, kisha likawa fimbo yenye kichwa cha farasi ichezewayo na watoto. Katika riwaya ya Tristram Shandy, iliyoanza kutolewa mwaka 1759, Laurence Sterne alimpandisha mjomba Toby juu ya farasi huyo, yaani alimfanya mtu asiyechoka kujenga vijingome vya mfano bustanini.

Kiswahili nacho hakikosi picha. Tunaye mkereketwa, ambaye jambo humwasha kama koo liwashwavyo. Tunaye shabiki, tunaye aliyezama katika vitabu, tunaye ambaye taarabu imemkolea. Wa tano husema, "Ugonjwa wangu ni mpira." Ila maneno haya hayalingani. Mkereketwa hunukia chama na siasa. "Ugonjwa wangu" ni utani wa marika, wala haumfai kijana asemaye mbele ya wazee. Tofauti hizi ndizo zinazopasa kufundishwa, wala si orodha ya visawe tu.

Tunalo pia la kujilaumu sisi walimu. Tunapouliza, "Hobi zako ni zipi?", mtoto asiyepata kuona bwawa hujibu kuwa ni kuogelea, kwani amehisi kuwa swali lenyewe lataka jibu la kizungu. Anajifunza Kiswahili na uongo kwa pamoja. Tumwulize badala yake, "Ukimaliza kazi za nyumbani, hupendelea kufanya nini?" Hapo atatutajia omweso, kwaya, au gari la waya alilolitengeneza mwenyewe, na maneno ya kuyaeleza hayo atayatafuta kwa hamu. Nasi tuwe tayari kumpa.