Mdomo na Jicho: Maumbo ya Shakwe Wawili wa Bahari ya Shamu

Shakwe masizi na shakwe jicho-jeupe, wa jenasi moja ya Ichthyaetus, wamepewa msamiati uleule wa rangi: kofia ya giza inayoshuka hadi kooni, ukosi mweupe, mgongo wa kijivu kizito, tumbo jeupe. Atazamaye kwa haraka hudhani ameona nakala mbili za ndege mmoja, ilhali tofauti yao haimo katika rangi zenyewe bali katika mahali kila mmoja anapoweka mkazo.

Shakwe masizi anauweka mdomoni. Mdomo huo ni mrefu na mnene, wa manjano yenye ukijani, umekatwa na utepe mweusi, kisha unaishia kwa ncha nyekundu. Rangi tatu zimepangwa katika nafasi finyu, na kwa kuwa kofia iliyo nyuma yake ni ya kahawia tu, hakuna kinachoshindana nazo. Hata hilali nyeupe juu ya jicho imebanwa ikawa nyembamba, na ya chini mara nyingi haionekani kabisa. Kujizuia huku ni ufundi wa hali ya juu.

Jicho-jeupe amepindua mpangilio huo. Kofia yake ni nyeusi tititi. Mdomo wake, mwembamba na mwekundu uliokolea wenye ncha nyeusi, unazama katika weusi huo ukitazamwa kwa mbali, na jicho linabaki kuutawala uso. Mboni ni ya giza; weupe wote ni wa hilali mbili pana, juu na chini, zinazokaribia kufunga duara.

Makinda ndio wanaothibitisha hoja, maana hawana kofia ya kuwasaidia. Mdomo wa masizi mchanga una shina la kijivu hafifu na ncha nyeusi, wa jicho-jeupe mchanga ni mweusi wote, na tayari mmoja ni mnene, mwingine mwembamba: umbo limetangulia pambo.

Anayetazama shakwe Malindi au visiwa vya Kiunga, ambako masizi huzaliana, na aanze basi na unene wa mdomo kabla ya rangi yoyote, kwa kuwa jicho-jeupe, mwenyeji wa Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, hufika pwani ya Kenya kwa nadra sana, na dai la kumwona huko linahitaji uhakika. Kwa uzuri, masizi ana ujasiri zaidi wa rangi. Lakini kwa urari wa sehemu zote, namtanguliza jicho-jeupe.