Uzio Unaofunguka kwa Spana Moja

Nilishuka Misigiri kungoja gari la Kiomboi, na nilichotaka pale njia panda ni dumu moja tu la mafuta ya alizeti. Nikazunguka nyuma ya maduka, nikafuata harufu ya mbegu za moto hadi kwenye mashine ya kukamua, nikampa shikamoo mzee mwenye mashine, nikainua macho. Dumu likanitoka akilini. Mbele yangu ulisimama uzio! Wa njano, wa wavu wa chuma, mrefu kunizidi, umeizunguka mashine na mota yake, umezunguka kikaango, umekwenda hadi kwenye lifti inayopandisha mbegu yenyewe bila mtu kubeba debe. Na haukuchomelewa kuwa kitu kimoja. Ni vipande vitupu vilivyoungwa kwa bolti, kila kimoja kinatoka peke yake.

Nimekuwa nikizunguka kwenye mashine tangu utotoni. Nimeona kinga za mbao, za bati, za magunia yaliyofungwa kwa waya, na mara nyingi zaidi nimeona mkanda unakimbia wazi huku mama amesimama nusu hatua kutoka hapo, kitenge kinapepea. Uzio wa vipande, unaorefushwa na kufupishwa, nilikuwa nimeuona kwenye picha tu, ukizunguka roboti katika viwanda vya magari vya ng'ambo. Kuuona huku juu ya mlima Sekenke, kazi ya fundi wa kuchomelea ambaye karakana yake iko hatua chache kutoka kwenye mashine yenyewe, kulinikalisha kwenye gunia la mbegu. Nikaomba nionyeshwe upya, toka mwanzo.

"Kaa tu, kaka. Gari la Kiomboi halijai saa hizi," fundi akaniambia, akachukua spana namba 17.

Sasa sikiliza. Kipande kimoja ni fremu ya skwea paipu, upana mita 1, kimo mita 2, katikati wavu. Vipo pia vya nusu mita kwa mahali ambapo mita nzima haiingii. Nguzo zina sahani ya chuma chini, na kila sahani imeshikwa na bolti zilizozama kwenye zege. Hadi hapo ni kazi nzuri ya kawaida. Kilichonisisimua ni matundu! Kwenye nguzo fundi hakutoboa tundu la duara. Amekata mfereji mrefu wa kama sentimita 8, ili kipande kipandishwe au kishushwe kabla ya kukazwa. Sakafu ya pale ina mteremko, tena imechimbika mahali magunia yanapobwagwa, lakini ukingo wa juu wa uzio umenyooka kama meza. Kona moja haiko mraba kwa sababu nguzo ya paa imesimama njiani. Hapo ametia bawaba nene, uzio ukapinda kadiri nguzo ilivyotaka, kisha akaikaza bawaba isichezecheze.

Halafu kuna kipande ambacho, kama ningekuwa na zawadi ya kutoa, ningekipa. Fremu mbili, moja imeingia ndani ya nyingine kama droo, nyavu zimepishana. Unalegeza bolti nne, unavuta, upana unatoka sentimita 60 hadi 95. Nilikivuta mwenyewe mara tatu. Kinateleza! Mashine za kukamua huwekwa kwenye majengo yaliyokuwa stoo, duka au banda, na hakuna ukuta hata mmoja unaoishia pale vipimo vinapotaka. Tena mzee anataka kuongeza mashine ya pili. Uzio wa kuchomelea ungekatwa na kutupwa. Huu utafunguliwa, utaongezwa vipande vinne, utafungwa.

Lakini sifa yake kubwa nilikuwa sijaiona bado.

Mzee alinisimulia kinga aliyokuwa nayo zamani, sanduku la bati nene lililochomelewa juu ya mkanda na puli. Kinga imara kweli. Mkanda ulipokatika mara ya kwanza, ilibidi iletwe grenda. Sanduku likakatwa, mkanda mpya ukafungwa, kazi ikaendelea maana wakulima walikuwa foleni na magunia yao. Sanduku likaegemezwa ukutani lingoje kuchomelewa tena. Msimu uliofuata lilikuwa linafunika kuku. Hadithi hii naijua. Katika familia yetu kuna mtu aliyepoteza vidole viwili kwenye mashine ya kusaga ambayo kinga yake ilikuwepo, nzima kabisa, nje ya mlango. Kwa hiyo nikiangalia kinga yoyote sasa sijiulizi imesimama vipi. Najiuliza itarudi vipi ikishatolewa.

Na huu unarudi! Bolti za kila kipande hazidondoki. Fundi amechomelea washa nyuma ya uzi, kwa hiyo ukilegeza, bolti inabaki inaning'inia kwenye fremu yake. Na usipozikaza, kipande hakisimami. Kinalala kuelekea kwako, kinakuaibisha mbele ya watu. Hakuna kukiegemeza pale kidanganye macho. Umoja wa Ulaya umeyaandika mambo hayo mawili katika sheria yake ya mashine ya mwaka 2006: vifungio vya kinga vibaki kwenye kinga au kwenye mashine ikifunguliwa, na kinga, pale inapowezekana, isiweze kukaa mahali pake bila vifungio. Fundi wa Misigiri hajaisoma sheria hiyo. Amefika huko kwa kutafuta nati zilizopotea kwenye mashudu.

Nchini Uswidi kuna mji mdogo unaoitwa Hillerstorp, na humo zimo kampuni mbili, Troax na Axelent, ambazo uzio wao wa njano na mweusi umezunguka roboti duniani kote. Mji mdogo kama huo! Nilipokuwa nimeshika spana ile niliwaza kwamba ufundi huu haudai jiji. Unadai mtu anayeishi karibu na mashine, anayeitwa kila inapokwama.

Nikauliza kuhusu wavu. Hapa nilitega kidogo, maana hapa ndipo wengi hukosea. Kiwango cha kimataifa kinachohusu umbali wa usalama, ISO 13857, kina hesabu ambayo kila mwenye mashine angeichora ukutani kwa chaki. Wavu wenye tundu la mraba la milimita 20 hadi 30 haupitishi mkono mzima, kwa hiyo chuma kinachozunguka kiwe angalau milimita 120 nyuma yake. Tundu likizidi milimita 40, mkono mzima unaingia hadi begani, na umbali unaruka hadi milimita 850. Yaani wavu wa inchi mbili, ule wa bei nafuu unaowekwa kwenye mabanda ya kuku, ukiuweka shibiri moja kutoka kwenye puli hujakinga kitu! Nikatoa futi. Upande wa mkanda, ambako nafasi ni finyu, fundi ameweka wavu wa inchi moja, na puli iko sentimita 30 ndani. Upande wa kikaango ameweka wa inchi mbili, na hakuna kinachozunguka ndani ya mita nzima. Nilimkumbatia. Akasema aliujaribu kwa mkono wa kijana wake, mashine ikiwa imezimwa, akaona unafika wapi.

Chini ameacha nafasi ya sentimita 15 ili fagio lipite na mashudu yatoke. Mtu mzima hawezi kupenya hapo. Kuku anapita, na wanapita.

Kisha, nikiwa nimekaa pale pale, mkanda ukakatika.

Pa! Kama bunduki. Kipande cha mkanda kiliruka kikapiga wavu mbele ya uso wangu, kikaanguka ndani. Ndani! Mahali ambapo msimu uliopita kingekutana na shavu la mtu. Kijana anayeendesha mashine akaenda kwenye stata, akazima, akashusha swichi kuu na kuitia kufuli, ufunguo akauweka mfukoni mwake. Akangoja puli isimame kabisa. Spana namba 17, bolti nne, kipande kikatoka. Nilishika saa, sekunde 50. Mkanda mpya ukafungwa, mota ikavutwa, ikakazwa. Na sasa, bila kuambiwa na mtu, wakulima watatu wakiwa wamesimama na magunia yao, kijana akarudisha kipande kabla ya kufungua kufuli. Dakika moja na nusu. Nilitaka kupiga makofi. Nilipiga makofi.

Yapo ya kurekebisha, na nimeyasema pale pale kwa sababu kazi nzuri kama hii inastahili kusemwa yote. Mlango wa uzio una swichi ndogo. Ukiufungua, kontakta inaachia na mota inakatwa umeme. Vizuri sana. Lakini puli kubwa haijui kwamba umeme umekatwa. Tulihesabu pamoja: iliendelea kuzunguka sekunde 9. Viwango huhesabu mtu anatembea mita 1.6 kwa sekunde, na kutoka mlangoni hadi kwenye puli ni hatua mbili. Mlango huo unahitaji kitasa chenye taima, kitakachokataa kufunguka hadi mzunguko uishe. Fundi alikuwa ameshaanza kuchora kwenye vumbi nilipomaliza sentensi.

La pili ni mtu aliye ndani. Mlango ukifungwa nyuma yake na mwingine akabonyeza kitufe, uzio unakuwa mtego. Tarehe 25 Januari 1979, katika kiwanda cha Ford huko Flat Rock, Michigan, Robert Williams alipanda kuchukua vyuma kwa mkono ndani ya eneo la roboti, na mkono wa roboti ukampiga akafa. Ndiye anayehesabiwa mtu wa kwanza kuuawa na roboti. Dawa ya hili pale Misigiri ni ya bei ya soda chache: kufuli lile la kijana litiwe pia kwenye komeo la mlango ukiwa wazi, kila anayeingia na kufuli lake. Mzee amekubali.

Uingereza iliagiza mitambo ya viwanda vya nguo izungushiwe kinga mwaka 1844. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA, inamtaka mwenye mashine azikinge sehemu za hatari. Kwa hiyo deni ni la zamani. Kilichokuwa kinakosekana kwenye mashine ndogo za alizeti, karanga na mahindi ni kinga ambayo mtu mwenye haraka, jua limepanda, foleni imefika barabarani, ataifunga tena kwa hiari yake. Ndiyo hii, na inapatikana kwa wavu, skwea paipu na rangi ya makopo mawili!

Gari la Kiomboi lilijaa, likapiga honi, likaondoka. Nilikuwa kwenye simu na shemeji, naye amesimama kando ya mashine yake ya kusaga, anapima kwa futi na kunitajia: ukutani hadi kwenye mota, mota hadi mlangoni, sakafu hadi kwenye bomba la unga. Fundi alikuwa anaandika kwa chaki kwenye sahani ya chuma. Alipofika namba ya nne aliinua mkono. "Mwambie apime tena hiyo ya mlango. Sitini na tano au sabini na tano?"